Beseni la Ubatizo Lilivyopita Mferejini

Enzi zetu pale Mount Dennis, mtaa wetu wa ughaibuni, hakuna mtoto aliyeshinda ndani na simu. Simu yenyewe ilikuwa moja, ukutani, na mama aliilinda kuliko alivyotulinda sisi. Tulicheza mferejini, kijito kilichojengewa zege pande zote, maji ya magotini, vigari vya supamaketi vimelala humo magurudumu juu.

Nyumbani tulikuwa na kalenda aliyotuletea mjomba wa Ubelgiji: mifereji ya mji wa Bruges, nyumba za kale, wazungu wametulia mashuani. Mwaka ukaisha, mama akaiacha ukutani kwa uzuri wake. Safari, mtoto wa pasta wetu, akaitazama, akasema mfereji hata sisi tunao, kinachokosekana ni mashua tu.

Mashua ilikuwa kanisani: beseni kubwa la bluu la kubatizia. Jumamosi moja Safari na dada yangu mkubwa Riziki, ambaye kwetu dada wa namna hiyo huitwa yaya, walilibeba kama jeneza. Nawataja kwa majina, wamenyamaza vya kutosha. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi, wakaniweka ndani, wao wakashika kitenge cha mama nilichofungiwa kama kamba.

"Kaa kizungu, Zawadi," yaya akaniambia.

Nikanyoosha shingo, nikawapungia bata mkono. Kitenge kikachanika. Nikapita chini ya daraja, beseni likagonga kigari, likapasuka. Nikatoka nimelowa chapachapa. Wenzangu? Hata kivuli chao sikukiona.

Kesho yake tulikuwa tubatizwe watu saba, nami mmojawapo. Jioni ile ile ya Jumamosi pasta akaja kwetu na Safari kuulizia beseni. Safari akajibu upesi, "Baba, angalia viatu vya Zawadi." Yaya Riziki akaangalia dari. Jina langu likafutwa. Wale sita wakabatizwa ziwani, wakitetemeka na kunilaani mimi. Mama akasema, "Wewe umeshajibatiza, kaa hivyo hivyo." Nilikaa miaka miwili.

Leo mfereji una uzio. Nilimpeleka binti yangu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba huo ni mtaro, akarudi kwenye simu yake. Bruges yote anaiona humo, viatu vikavu. Safari sasa ni mzee wa kanisa, anafundisha watoto kusema ukweli. Yaya nikimkumbusha, anasema hayo ni ya kale.

Sawa. Lakini chini ya daraja lile, kabla ya kigari, mwanga ulicheza juu ya zege kama kwenye ukurasa wa Mei wa ile kalenda. Nyie wawili mlibaki Mount Dennis. Ubelgiji nilifika peke yangu.