Nilikataliwa kuchorwa kama kilema kitabuni, na kilema ni mimi

Wakuu, kamwene!

Bibi yenu nimeshapita themanini na simu naandika mwenyewe, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Ninayosimulia yalinipata mimi, chumvi sijatia.

Kuna mtu humu alilalamika kwamba vitabu vya watoto vinaonyesha walemavu wakilia tu. Nikacheka peke yangu. Nilikuwepo vikitengenezwa!

Ni miaka ya hamsini, kwetu Igowole. Mguu wangu wa kulia ulinyauka kwa ugonjwa nikiwa mchanga, nikawa natembea kwa gongo alilonichongea baba. Mbuzi nilichunga, miti nilipanda, ngumi nilirusha. Sikuwa na habari kwamba natakiwa kuhuzunika.

Siku moja shuleni akaja mama mmoja wa Kizungu, mchoraji. Alikuwa anachora picha za kitabu cha kusoma. Hadithi yenyewe: mtoto kilema anashinda mlangoni akilia, mtoto mwema anamletea mkate, kilema anapona na kukimbia.

Mwalimu akanitoa mbele. Mama yangu alinipaka mafuta nyumbani mpaka nikang'aa. Nilijiona malkia.

Nikaketishwa mlangoni. Yule mama akasema, "Huzunika."

Nikajaribu. Nikacheka.

"Fikiri jambo baya."

Nikafikiri ugali bila mboga. Nikacheka zaidi.

Akamgeukia mwalimu. "Huyu hafanani na kilema."

Mwalimu akakuna kichwa. "Lakini mama, ndiye tuliye naye. Hatuna mwingine."

Akaletwa Zakaria, mtoto wa baba mdogo. Mzima kama ng'ombe, hodari wa mbio, ila machozi yake yalikuwa karibu sana. Akapewa gongo langu. Akalia vizuri mpaka na mwalimu akapenga kamasi.

Kuondoka siwezi, gongo analo Zakaria. Basi mchoraji akaona nisikae bure, niwe yule mtoto mwema. Mkate haukuwepo, nikashikishwa kiazi. Sketi ikashushwa ifunike mguu.

Nikaanguka.

"Mtoto mwema, simama vizuri!"

Nikaanguka tena. Nikamwambia Zakaria anirudishie gongo langu.

Akajibu kwa kwikwi, "Siwezi. Mimi ndiye kilema."

Mwishowe nikaegemezwa ukutani kama jembe, nikachorwa.

Kitabu kikatoka. Zakaria ndiyo kwanza alikuwa amehamia Mbeya, kwa mjomba wake kule Iyunga, na shule ya huko nayo ikakipata. Wakamtambua sura. Akaondolewa zamu ya kulima. Kina mama wakampa ndizi kila apitapo. Zakaria naye hakuwakatalia watu sadaka yao, akaanza kuchechemea.

Likizo ilipofika, mimi na baba mdogo tukapanda basi kumfuata. Tulimkuta nje ya kanisa, Jumapili, watu wamejaa. Kutuona tu, akasahau. Akatimua mbio kuja kumrukia baba yake.

Wakuu, pale kanisani palilipuka!

"Amepona! Kama kitabuni!" Watu wakapiga magoti, kwaya ikaanza wimbo ambao hakuna aliyeuchagua. Baba mdogo anauliza, "Amepona nini? Alikuwa anaumwa?" Hakuna anayemsikia.

Mzee mmoja wa kanisa akaniona na gongo langu. Akaniwekea mkono kichwani kwa upole. "Nawe mwanangu usikate tamaa. Jitahidi uwe na moyo kama wa yule mtoto mwema wa kitabuni."

Nikamwambia, "Shikamoo babu. Yule ni mimi."

Akatabasamu kwa huruma. "Hapana mwanangu. Yule ana miguu mizima."

Hapo ndipo nilipolia. Kwa mara ya kwanza nikafanana na kilema wao, na bahati mbaya mchoraji hakuwepo.

Mchana alichinjwa kuku wa shukrani. Zakaria akapewa paja. Nilimnyang'anya nikala mwenyewe, maana siri yake ninayo.

Nimejifunza nini? Sikulia mlangoni, wala sikupona. Niliolewa, nikazaa, nikalima, wajukuu nawafokea mpaka leo. Maisha yote hayo hayakupata ukurasa, kwa sababu aliyeandika hakuuliza.

Haya, zamu yenu. Vitabu mnavyowasomea wanenu siku hizi, kilema anaruhusiwa kucheka? Au bado anasubiri mkate?