Faida Asiyoigusa Darlene

Kila Machi, barafu ikianza kulegea, Darlene Labounty alipokea bahasha kutoka kwa mdogo wake Wendell. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, inayoonyesha fungu lake katika faida ya msitu wa mepo, miti inayogemwa utomvu mtamu, waliourithi kwa baba yao huko Vermont. Waliuendesha kwa ubia, nusu kwa nusu. Mwaka huu fungu lilikuwa dola elfu kumi na tisa, na Darlene hakuwa ameona hata senti moja.

Alikuwa na miaka sitini na moja, bado ananyanyua wagonjwa katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, New Hampshire. Alihamia huko kwa sababu jimbo lile halikati kodi ya mshahara. Siku hiyo alitoka zamu magoti yakimwuma, akaenda moja kwa moja kwa Mama Pelkey, aliyekuwa akiwajazia watu fomu za kodi.

"Mimi si mkazi wa Vermont tena," alisema, akijitupa kitini. "Wananidai nini?"

"Wewe umevuka mto, mwenzangu. Miti haijavuka. Faida imepatikana kule, kodi watakata kule. Na ubia wenyewe haulipi. Analipa mbia, kila mtu kwa fungu lake."

"Hata kama hajapewa kitu?"

"Hata kama hajainusa. Na serikali kuu nayo inasubiri chake."

Huu ulikuwa mwaka wa tatu akiba yake kwenda na maji namna ile. Alitia sahihi, akalipa.

Jumapili alivuka daraja. Wendell alikuwa kibandani, katikati ya mvuke, akichemsha utomvu uwe shira.

"Dada! Njoo uone mtambo mpya!"

"Ndiyo pesa yangu hiyo?"

"Ni mali yako pia! Ulitaka tubaki na masufuria ya baba?"

"Wendell, nimechoka. Naosha wazee usiku na mchana ili nilipie kodi pesa iliyolala ndani ya hilo bati lako."

Wendell akapunguza moto. "Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka mitatu. Kila mara ulikuwa unachemsha."

Mdogo wake akainamisha kichwa. Akaahidi kwamba kuanzia sasa atatoa kwanza hela ya kodi ya dada yake, ndipo anunue kingine. Ilikuwa ahadi ya kweli, na Darlene aliiamini. Lakini hakuwa na nguvu za kungoja Machi nyingine.

"Nunua tu fungu langu," akasema. "Utanilipa kidogo kidogo, hata kwa miaka minane."

Walitia sahihi mkataba wa kuuziana mwezi Mei. Wendell alilia, Darlene alitazama saa, kwa kuwa alikuwa na zamu ya saa tisa mchana.

Malipo ya kwanza yalipoingia, alimpigia simu Mama Pelkey.

"Hayo nayo yana kodi yake," mama akamwambia kwa upole. "Umeuza kwa faida."

"Najua," Darlene akajibu. "Niambie kiasi gani, nikate kabisa leo."

Alikata hela ya kodi, akaiweka kando, akala, akalala mpaka jua likawa juu.