Kadi ya Gemu na Ugomvi Wangu

Nyie msinikunjie nyuso eti bibi hajui habari za gemu, nilikuwepo. Mjukuu wangu aliuza asali yake yote ya Inyonga anunue kadi ya picha, gemu zisigande kwenye kompyuta yake. Tukabeba kompyuta hadi dukani, mtaa wa Kashaulili, akanyooshea kidole kadi kubwa kuliko zote. Fundi akafungua kompyuta, akacheka.

"Dada, hili ni jembe la maksai wanne, wewe una punda mmoja. Umeme wa mashine yako hautaitosha. Chukua hii ndogo ya mtumba."

"Mbona unakataa hela?" nikamuuliza.

"Bibi, akirudi analia nitamwambia nini?"

Akaichomeka, gemu ikakimbia bila kuganda. Nilikuja na ugomvi tayari mdomoni, nikidhani mjukuu wangu ataibiwa, ukakosa kazi. Nikamshukuru, nikatoka, nikaufunga mlango vizuri, vumbi lisiingie kwenye mashine zake.