Jina la Babu Kwenye Password ya Kijenge

Naomba jina langu lisionekane, na kama kuna anayehisi ananijua, tafadhali aninyamazie. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi na wazazi wangu Sakina, hapa Arusha. Sisi ni Wachaga, tumezaliwa wasichana watatu na mimi ndiye wa kwanza. Baba ana duka la vipuri vya magari. Mama ni mshonaji, ila kwa sasa daktari amemwambia aachane na cherehani alale, kwa sababu ana mimba ya miezi saba na presha yake iko juu.

Mama ana miaka 43. Alipomzaa mdogo wetu wa mwisho nusura tumpoteze, na alionywa kabisa asirudie. Lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kama mimi nilivyopewa la bibi, ndiyo maana baba huniita "mama". Babu alishafariki, na jina lake halikuwa na wa kulibeba. Kila Desemba tukienda kijijini Machame, kwao baba, shangazi zangu humtania mama mbele ya watu, "Mzee wetu atarudi lini?" Mama hucheka nao, halafu akifika chumbani anajifunika kitenge mpaka usoni. Safari hii ultrasound ilionyesha mtoto wa kiume. Tangu siku hiyo analiita tumbo lake kwa jina la babu. Mimi nitaandika Ndekirwa, si lenyewe, ila nalo ni la zamani hivyo hivyo, huwezi kulikuta kila mtaa.

Wiki tatu zilizopita simu yangu ilizingua, nilipoipeleka kwa fundi akaifuta kila kitu, ikasahau hadi Wi-Fi ya nyumbani. Password tuliwekewa na fundi wa intaneti, hakuna anayeikumbuka, ila ipo kwenye simu ya baba. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, baba anakula. Akaniambia, "Chukua simu uitafute mwenyewe, mimi mambo hayo siyajui." Kwetu mimi ndiye fundi wa simu bila kusomea. Nikaingia kwenye mitandao iliyohifadhiwa, nikakuta "Nyumbani", na chini yake "Nyumbani Kijenge". Kijenge ni mtaa mwingine hapa hapa Arusha, na sisi hatuna nyumba huko. Nikabonyeza hiyo ya pili, simu ikaleta vile vidoti vya kuskani, na chini yake password imeandikwa wazi. Ndekirwa, kisha mwaka, wa miaka sita iliyopita.

Nilibaki nimeishika simu. Mama alikuwa kwenye kochi pembeni yangu, amenyoosha miguu yake iliyovimba, akaniuliza, "Umeipata?" Nikamjibu nimeipata.

Kesho yake nikamfuata baba dukani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama, mbona mapema hivi?"

Nikamuuliza bila kuzunguka, "Ndekirwa wa Kijenge ni nani?"

Alikuwa anafunga plagi za mteja kwenye gazeti. Akaendelea kufunga mpaka gazeti likachanika. Ndipo akasema, "Ni mdogo wako. Ana miaka sita. Kule Machame wanajua."

Wanajua. Bibi anajua, na shangazi zangu wanajua, wale wale wanaompigia mama kila wiki kumuuliza Ndekirwa anaendeleaje tumboni. Nilimuuliza baba kwa nini basi alimwacha mama abebe mimba hii. Akanijibu, "Yeye ndiye aliyetaka. Mimi nilimkataza." Alimkataza, sawa, lakini neno moja ambalo lingemtosha mama, kwamba jina limeshapata wa kulibeba, alilimeza. Nilimchukia, na siwaandikii kwa kupamba, nilimchukia baba yangu mzazi.

Akanishika mkono, akaniambia, "Mama, subiri ajifungue, nitamwambia mwenyewe. Ukimwambia sasa, presha ikapanda tukawapoteza wote wawili, utaishije?" Kinachonikera zaidi ni kwamba hapo hakukosea.

Tangu siku hiyo naishi na mama kama mwizi. Mimi ndiye ninayempima presha asubuhi na jioni, ninayemkanda miguu, na huku yeye ananisimulia jinsi Ndekirwa atakavyobatizwa Machame mbele ya shangazi zangu. Nguo ya ubatizo ameshaishona kwa mkono, akiwa amelala ubavu kama alivyoelekezwa. Nikimwambia, naweza kumuua. Nisipomwambia, atasimama kanisani na mtoto mikononi, anatamka kwa furaha jina ambalo ukoo mzima unajua lina mwenyewe. Na siku atakayojua kwamba hata mimi nilikuwa najua, nitakuwa mmoja wao.

Juzi ameniita chumbani, anatabasamu. "Hii password yetu ni namba tupu, nani ataikumbuka? Ibadilishe, weka Ndekirwa na mwaka huu. Wageni wakija kumwona mtoto, wawe wanaandika jina lake."

Nilichukua simu, nikafika mpaka pale pa kubadilishia, vidole vikagoma. Nikamwambia mtandao unasumbua, nitajaribu kesho. Jana kaniuliza. Leo asubuhi nimemvalisha mkanda wa kupimia presha, bado mashine inahesabu, akaniuliza tena, "Umeshaliweka jina la mdogo wako?" Nikamwomba asiongee, vipimo visije vikakosewa.

Ndugu zangu, hasa akina mama mliopitia presha ya mimba, na mabinti mliowahi kutwishwa siri ya baba, nishaurini. Sasa hivi nawaandikia nikiwa sebuleni. Mama yuko macho chumbani kwake, ameshaniita mara mbili. Nikiingia humo, nifanye nini?