Baba Yetu Si Juma Ika

Usiku ule tulilala watatu nyumbani kwetu Voi: mimi Wakio, mdogo wangu Mghoi, na mjomba Mwadime, aliyeteremka kutoka milimani kuja kutushauri. Wa nne alifika baadaye, na huyo tulikuwa tumeshamzika.

Jioni tulikuwa tumerudi kutoka Nairobi na faili letu kwapani. Baba yetu alizaliwa Jamaika. Alikuja kufundisha useremala katika chuo cha ufundi, akamwoa mama kimila, akafa kabla Mghoi hajaota meno. Dada yake, shangazi Merle, alitaka Mghoi aende akae naye, asomee uuguzi. Kwa damu ya baba tulikuwa na haki ya uraia wa huko. Lakini ofisini walifungua vyeti vyetu vya kuzaliwa, wakauliza, "Huyu Juma Ika ni nani?"

"Juma Ika," mjomba alirudia, akicheka ndani ya kikombe cha chai. "Hata kabila hana." Kisha akashusha sauti. "Kuna jamaa mjini anatoa vyeti vingine. Jina la baba yenu linaingia vizuri, mambo yamekwisha. Nani atajua?"

Mghoi aliniangalia. Mama alipofariki niliacha shule darasa la saba nikamlea, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa langu. Nikasema nitajibu asubuhi.

Usingizini nilimwona Bibi Mshai, mama yake mama, ameketi kwenye benchi la ile ofisi ya Nairobi, miguu haifiki sakafuni. Nilifurahi, maana sikukumbuka kwamba amekufa. Nikamsogelea, na ofisi ikawa chumba kidogo chenye dirisha la waya. Bibi amepakata mtoto mchanga. Najua mtoto yule ni mimi, wala sishangai.

"Baba wa mtoto?" karani anauliza.

"Jamaika," Bibi anajibu.

Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita. Jina lake, Alvin, liliwashinda kutamka. Karani anaandika, nami naiona kalamu ikitembea: Juma. Kisha: Ika. Napiga kelele, sauti haitoki. Karani anageuza kitabu. "Ndivyo?" Bibi anazitazama zile herufi kama mtu anayetazama nyayo za mnyama asiyemjua. Anaitikia kwa kichwa. Cheti cha Mghoi nacho kilikuja kunakiliwa jina hilohilo kutoka changu.

Nikajikuta karakanani. Baba ametugeuzia mgongo, anapiga randa, maranda ya mbao yanaanguka bila sauti. Bibi amekaa juu ya meza yake ya kazi.

"Mke mwenzangu," ananiambia, "nasikia shuleni walikupeleka kwenye somo la dini ya Kiislamu."

"Wiki mbili, Bibi. Kwa sababu ya Juma wako."

"Ukajifunza nini?"

"Salamu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta machozi ya kicheko. "Niliona haya kumwambia yule karani sijui kusoma."

Nikamweleza kwamba mjomba anataka tununue vyeti vingine. Akakaza uso.

"Mkinunua, itakuwa mimi sikwenda pale. Sikukubeba njia yote ile. Usinifute, Wakio. Nitaje. Sema Mshai hakujua kusoma, na useme ukiwa umeinua uso." Akamwonyesha baba kwa kidevu. "Huyu nadaiwa naye. Nilimwambia jina lake limeandikwa. Nilipie."

Randa ikasimama. Baba hakugeuka, lakini alikuwa anasikiliza.

Niliamka kumeshakucha. Mjomba alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Nimpigie yule jamaa?"

"Usimpigie. Tunakwenda kwa wakili, tule kiapo kueleza jinsi jina lilivyokosewa. Na wewe utaapa, ulimjua baba."

"Wakio, mambo ya ofisi yana wenyewe. Wewe hukusoma."

"Bibi naye hakusoma. Ndilo neno la kwanza litakaloandikwa."

Mghoi alikuwa amekaa kitandani, blanketi mabegani.

"Na wakikataa, dada?"

"Tutarudi. Wakikataa tena, tutarudi tena. Waturudishe mpaka wazijue sura zetu. Baba yetu si Juma Ika, na bibi yetu si mtu wa kufichwa."

Mjomba alivua viatu, akatafuta vile vyake vizuri.

Kiapo tulikula siku ileile, na karatasi zimeshapelekwa. Jibu halijaja. Mghoi bado yupo hapa nyumbani, na lile deni la Bibi kwa baba bado liko shingoni mwangu.