Shangazi Alipotasa Kompyuta

Niliipiga kaunta ya zahanati kwa kiganja mpaka kalamu ya karani ikaruka. Ilikuwa mara ya tatu naambiwa faili ya mwanangu Wakesho imepotea, tangu wabadilishe mfumo wa kompyuta zao, na chanjo zake huenda zikarudiwa. Uvumilivu ukaniisha. Lakini kabla sijafungua mdomo, feni ya ile kompyuta ikanipulizia harufu ya vumbi la Voi lililopata moto, nami nikawa tena mtoto wa miaka tisa, ndani ya saiba ya shangazi Mghoi, duka lake la kompyuta za kukodisha.

Shangazi, dada mdogo wa baba na mwimba kwaya wa kanisani, alikuwa na kompyuta nne kuukuu nyuma ya soko. Kazi za wateja zilikaa kwenye mashine moja, seva, na zile nne zilizisoma kupitia waya. Zilikuwa goigoi, usiseme. Basi akajitengenezea kerneli, yaani kile kiini kinachoendesha kompyuta, akiondoa kila alichoona hakina kazi.

"Ukipanda mlima kwenda Wundanyi," aliniambia, "hubebi jiko."

Asubuhi ziliwaka upesi, tukapigiana makofi. Kisha akaingia Mwakio wa kidato cha nne kuchukua mradi wake wa mtihani, uliotakiwa shuleni siku hiyohiyo. Folda ikafunguka. Tupu.

"Auntie, usinichezee! Miezi mitatu hiyo!"

"Pole, Mwakio," mteja mwingine akadakia. "Utarudia darasa na ndevu."

Shangazi alikuwa mkali kama pilipili. Nilijua atawafukuza wote. Badala yake alichukua kikombe cha maji, akasimama mlangoni, akajaza mdomo na kuyapuliza nje, huku akitaja kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, yaliyomkera. Ndiko kutasa huko: wazee wetu walitoa hasira moyoni hivyo, isije ikaharibu jambo. Watu wakacheka. "Mwimba kwaya anatasa kompyuta!"

Akarudi ametulia. Akakagua waya: mzima. Akaangalia kwenye seva yenyewe: mradi ule pale. Akawasha kompyuta kwa kerneli ya zamani, ambayo kwa bahati hakuifuta, folda ikajaa. Basi nikamsomea orodha ya alivyoviondoa, mstari kwa mstari, mpaka akasema, "Hapo." Alikuwa ameondoa kipande kinachoiwezesha kompyuta kusoma faili zilizo kwenye mashine nyingine.

"Mwakio," alisema mbele ya wote, "kazi yako haikupotea. Mimi ndiye niliyeondoa njia ya kuifikia. Nisamehe."

Miaka mingi niliamini maji ndiyo yaliyotengeneza kompyuta. Kumbe yalimtengeneza shangazi, apate kuangalia kabla ya kulaumu, na aweze kusema kosa ni lake. Ninamshukuru mpaka leo, maana hasira zake nimezirithi zote.

Nikatoka nje ya zahanati, nikajaza mdomo maji, nikatasa kando ya ukuta, karani akinichungulia. Kisha nikaomba karatasi, nikaandika:

"Kwa Msimamizi wa Zahanati. Nalalamika rasmi. Nimeambiwa mara tatu faili ya mtoto wangu imepotea, na hakuna aliyeniambia ameangalia kwenye seva. Naomba iangaliwe, mfumo wa zamani ujaribiwe, na nijibiwe kwa maandishi. Mtoto hatachanjwa kwa kubahatisha. Kosa likiwa langu, nitaomba msamaha mbele ya foleni. Likiwa lenu, foleni ni hiyohiyo. Mama Wakesho."