Mchikichi wa Kwenye Bendera

Pascasie alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, na huko ndiko alikojifunza kudarizi. Familia yao iliporudi kijijini kwao Kizuka, karibu na ziwa, baba yake alirudishiwa shamba lake la michikichi, likiwa limegeuka pori. Pascasie alilifyeka pamoja naye hadi mikono ikaota sugu. Mzee alipofariki, yeye aliendelea kukamua mawese pale pale; mdogo wake Bernardo alikaa mjini Rumonge, akija wakati wa mavuno tu.

Asubuhi moja akasikia misumeno. Alipofika shambani, nusu ya michikichi ilikuwa chini. Bernardo alikuwa ameliuza shamba kwa watu waliotaka kujenga chuo kikuu.

"Uliniuliza?"

"Dada, mwanamuke harithi shamba. Desturi iko hivyo."

Hakulia mbele yake.

Majengo yalipokwisha, mkuu wa chuo alimfuata sokoni, ambako sasa alijipatia riziki kwa cherehani, mchoro mkononi. Alitaka bendera yenye ngao: mawimbi ya buluu chini, kitabu juu, na katikati mchikichi wenye matunda. Majirani walidhani Pascasie atamfukuza. Akaipokea kazi. Aliona afadhali mti mmoja ubaki, hata kama ni wa uzi. Akaudarizi taratibu, kuti baada ya kuti, na matunda akayatia uzi mwekundu unaokaribia weusi, kama yalivyoiva kwao.

Siku ya ufunguzi wageni walipewa viti, Pascasie akasimama nyuma pamoja na wapishi. Mkuu wa chuo alieleza maana ya kila alama. Alipofika kwenye mti alisema, "Mchikichi huu ni wa familia iliyotoa ardhi yake kwa moyo mweupe." Kisha akamwita Bernardo aipandishe bendera.

Bernardo akavuta kamba. Watu wakapiga makofi. Pascasie aliondoka kabla haijafika juu.

Jioni mdogo wake akaja nyumbani. "Dada, mbona umeniaibisha? Si walikupa kazi?"

"Kaa na drapo yako uliyoipandisha, Bernardo. Na ukitoka, funga mulango."

Upepo wa ziwa uliichana bendera ile kabla ya mwaka kwisha. Chuo kikatuma mtu kumwomba aishone. Akakataa, wakaenda kuchapisha nyingine Bujumbura. Watu wa ukoo walipokuja kumpatanisha na Bernardo, aliwapa chai, akawasikiliza mpaka wakamaliza.

"Akifa nitaenda kumuzika," akawajibu. "Mazungumzo, hapana."